Namba ya Pembezoni

Jumatatu ya tarehe 12 Mei, saa nne kasorobo asubuhi, monita wa Kidato cha Pili B aliingia ofisini akiwa amekumbatia madaftari 52 kifuani, na juu ya madaftari hayo aliweka andalio langu la somo, ambalo nilikuwa nimelisahau darasani. Aliniamkia, nikamwitikia. Aliyapanga madaftari mezani kwa uangalifu, lakini hakuondoka. Nilipomwuliza kuna nini, alilifungua andalio la somo na kuweka kidole kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, palipoandikwa 2,824 kwa kalamu nyekundu.

"Samahani mwalimu. Hii namba inapungua."

Nikamwambia ni hesabu zangu tu.

"Inapungua moja moja," aliendelea, kwa utulivu uleule ninaowafundisha wawe nao wanapoeleza njia ya swali ubaoni. "Lakini Ijumaa ilikuwa 2,827, na leo ni 2,824. Kwa hiyo ni siku, mwalimu, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Nimegawanya kwa 365. Zitaisha nikiwa na miaka 23."

Njia yake ilikuwa sahihi, na jibu lake pia lilikuwa sahihi. Katika hali ya kawaida ningempongeza. Nilinyamaza, naye akaufunga ule ukurasa taratibu, kisha akauliza bila ukali wowote:

"Kwa hiyo mwalimu, unatuhesabu tuishe?"

Kengele ililia akaondoka kuwahi kipindi cha Baiolojia. Mimi nilibaki na madaftari 52.

Nilichokuwa nikihesabu

Februari 2033 nitatimiza miaka 50, na tangu mwaka 2016 niliamua kwamba siku hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho kwangu kuwa mwajiriwa. Utaratibu wetu hauuiti uamuzi huo kustaafu. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Anayeondoka kabla ya hapo huwa ameacha kazi, na pensheni yake humngoja hadi umri ufike. Nitakuwa nimechangia miaka 25, zaidi ya miezi 180 inayotakiwa, kwa hiyo haki yangu haipotei. Hata hivyo, kati ya 50 na 55 kuna korongo la miaka mitano ambalo hakuna mfuko wowote utakaonivusha. Daraja la kulivuka nalijenga mwenyewe.

Daraja hilo lina nguzo tatu. Ya kwanza ni hatifungani za Serikali, yaani fedha ninazoikopesha Serikali, za miaka 25, ambazo riba yake huingia mara mbili kwa mwaka. Ya pili ni vipande katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambavyo mtu anaweza kuvinunua kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu. Ya tatu ni mizinga ya nyuki katika misitu ya miombo upande wa Sikonge. Mke wangu ana cherehani mbili na wateja wa kudumu hapa Isevya, Tabora, lakini yeye hajawahi kuahidi kuacha kushona, na wala sikumwomba.

Hesabu ya nguzo ya kwanza ni nyepesi. Hatifungani za shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 12.56 huzaa shilingi 5,024,000 kwa mwaka, yaani kama 418,000 kwa mwezi. Nimefika nusu ya safari, nina milioni 20. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nianze kuandika namba pembezoni mwa andalio la somo, mwanzoni kwa penseli, baadaye kwa kalamu nyekundu, kila asubuhi kabla ya kuandika mada ya siku.

Niliamini kwamba namba hiyo ilikuwa ikinipa subira. Huo ndio uliokuwa uongo niliojidanganya kwa miaka mitatu.

Kipimo kilichotoka mbali

Wazo la mtu wa kawaida kuacha ajira kabla ya wakati lilinifikia kutoka Marekani, kama lilivyowafikia wengi. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa California, William Bengen, alichukua kumbukumbu za masoko ya hisa na hatifungani za nchi yake kuanzia mwaka 1926, akajiuliza mstaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila akiba yake kukauka ndani ya miaka 30. Jibu lake lilikuwa asilimia 4 katika mwaka wa kwanza, kisha kiasi hicho kiongezwe kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Ukiligeuza jibu hilo unapata kanuni ambayo wengi huikariri: weka akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka.

Familia yangu hutumia kama shilingi 700,000 kwa mwezi, sawa na 8,400,000 kwa mwaka. Mara 25 ni milioni 210. Usiku nilioipata namba hiyo sikulala, na kwa miezi kadhaa niliishi kama mtu aliyehukumiwa, kwa sababu hakuna mwalimu ninayemjua aliyefikisha milioni 210 kwa chaki.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nikijipima kwa kipimo cha nchi nyingine. Kanuni ya Bengen inahusu mtu mwenye hisa na hatifungani za Marekani. Mimi nina hatifungani za hapa, ambazo riba yake ni kubwa zaidi, lakini zina udhaifu wake: riba ya mwaka wa kwanza ndiyo riba ya mwaka wa 25. Haipandi hata kwa senti. Wanafunzi wangu wanaijua njia ya mkato ya kugawanya 72 kwa asilimia ya ongezeko ili kupata miaka ya kitu kuwa maradufu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, zitakuwa zimeongezeka maradufu baada ya miaka 18, na zile 418,000 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na 209,000. Ndiyo maana kuna nguzo ya pili na ya tatu, na ndiyo maana sehemu ya riba lazima irudi kuwa mtaji hata baada ya kuacha kazi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tu. Mwaka 2018, mifuko ya pensheni ilipounganishwa na kanuni mpya kutangazwa, mkupuo wa mstaafu, yaani sehemu ya mafao anayolipwa kwa mara moja, ulitajwa kuwa asilimia 25. Zikaja kelele, Rais Magufuli akausimamisha utaratibu huo Desemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33. Mwaka 2024, kwa sisi tuliokuwa kwenye kundi la asilimia 50 zamani, ikapandishwa hadi 40. Nakumbuka jinsi ofisi ya walimu ilivyokuwa katika kila moja ya nyakati hizo, jinsi watu waliokuwa wamebakiza miaka miwili walivyokaa na vikokotozi vya simu wakibonyeza hesabu ileile mara kumi, kana kwamba mara ya kumi na moja ingetoa jibu lenye huruma. Mimi nilikuwa na miaka mingi mbele yangu, nami nilibonyeza pia.

Hapo ndipo tabia ya kuhesabu ilipoanza kukua. Niliogopa namba zisizo mikononi mwangu, nikajitafutia moja ambayo hakuna mtu angeweza kuibadilisha. Siku hupungua moja moja. Hazihitaji tangazo.

Godoro

Swali la yule binti monita nilikuja nalo nyumbani, sikulisimulia. Lakini lilikuwa limefungua mlango, na wiki hiyohiyo riba ya nusu mwaka iliingia, shilingi 1,256,000, nami kama kawaida nikaanza kupanga namna ya kuirudisha kwenye vipande.

Mke wangu alikuwa akipinda pindo la nguo ya mteja. Alisema bila kuinua macho: "Baba Salma, safari hii tununue godoro."

Godoro letu tulilinunua mwaka tuliooana. Katikati limebonyea kiasi kwamba ukimwaga maji yatatuama, na kwa miaka mingi kila mmoja wetu hulala akiwa amejishikilia ukingoni kwake ili asiporomokee bondeni. Hoja ya godoro haikuwa mpya. Ilikwishaletwa mara tatu, na mara zote tatu niliijibu kwa hesabu. Godoro zuri ni shilingi 420,000. Fedha hizo zikiachwa zizae kwa asilimia 12 kwa miaka minane, zinakuwa zaidi ya milioni moja. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye karatasi. Hesabu ilikuwa sahihi, na sijui hata leo ni wapi ningeweza kuikosoa.

Alikata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Na mgongo wangu nao unazaa riba. Umewahi kuipiga hesabu?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kitu kilichotoka mfukoni, lakini hakuna hata mstari mmoja wa kitabu changu ulioonyesha kile kilichokuwa kikiwatoka watu waliokuwa wakiningoja nifike 2033. Nilikumbuka harusi ya mpwa wangu kule Ujiji, ambayo sikwenda kwa sababu nauli ya treni ya watu watatu pamoja na mchango vingetafuna akiba ya mwezi mzima. Treni inatoka hapahapa Tabora. Inapita Kaliua, inapita Uvinza, asubuhi uko Kigoma unaliona ziwa. Nilituma fedha kidogo kwa simu na ujumbe wa pongezi. Dada yangu alijibu "Tumepokea, asante", na tangu hapo hajanialika kwa maneno yake mwenyewe. Mialiko hunifikia kupitia kundi la familia, kama inavyomfikia kila mtu.

Tulinunua godoro Jumamosi. Nililala usiku wa kwanza nikiwa macho, nimenyooka, nikijisikia kama mgeni kitandani kwangu.

Kungoja kwa aina mbili

Wengi hunisifu kwamba nina subira. Wanaona mtu anayeweka fedha mahali asipoweza kuzigusa, wanasema huyu ameumbwa hivyo. Nimejaribu kuwa mkweli kuhusu sifa hiyo wiki hizi, nami nimeona kwamba mara mbili muhimu zaidi nilizongoja, nilingoja vibaya.

Mwaka 2021 zilipokuja hatifungani za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, nilikuwa na shilingi milioni 6. Ningeweza kuingia siku ileile, kwa kuwa milioni 1 ilitosha kuanzia. Nilingoja nifikishe milioni 10, kwa sababu niliipenda namba hiyo, ilikuwa nzima. Mwaka uliofuata riba ikashushwa hadi 12.56. Tofauti hiyo kwa milioni 6 ni shilingi 203,400 kila mwaka, kwa miaka 25. Kule kungoja kwangu kulikuwa woga uliovaa nguo za subira.

Mara ya pili ilikuwa kwenye nyuki. Nilipoanza nilikuwa na mizinga mitano tu, ya viunzi, niliyoitundika kwa msaada wa mzee mmoja mrina asali, jirani wa baba mkwe wangu. Tuliipaka nta kwa ndani ili harufu iwaite nyuki, tukaondoka. Wiki ya tatu mizinga minne ilikuwa na wenyeji. Furaha yangu haikuwa na mfano, na kila Jumamosi nilipanda pikipiki kwenda kuifungua nione masega yamefika wapi. Niliandika kwenye daftari: kiunzi cha tatu kimejaa nusu, kiunzi cha nne kimeanza. Hadi Agosti mizinga mitatu kati ya minne ilikuwa mitupu, masega yamebaki meupe, makavu, na siafu wanapita.

Mzee aliiangalia mmoja mmoja. "Mwalimu," aliniambia, "hawa umewafundisha kuhama."

Mara ile ya fedha nilichelewa kwa kutaka namba iliyo kamili. Mara hii ya nyuki nilishindwa kuondoa mkono. Niliyachukulia kuwa makosa mawili ya tabia mbili tofauti, mpaka binti mmoja aliponionyesha namba nyekundu kwenye kona ya ukurasa. Kote kuwili nilikuwa nikitazama kipimo badala ya kitu chenyewe.

Dakika ishirini

Mwishoni mwa Mei nilikaa jioni moja nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini sikulifanya mapema. Niliorodhesha kazi zote ambazo mpango wangu unanidai, nikaandika muda wa kila moja.

Kununua vipande siku ya mshahara: dakika tano kwa simu. Kuandika matumizi ya mwezi: kama robo saa. Kupokea riba na kuamua iende wapi: jioni mbili kwa mwaka. Kukagua taarifa ya michango ya pensheni: mara moja kwa mwaka, na ukikuta mwezi uliorukwa, safari moja au mbili za kufuatilia. Nyuki: siku sita au saba kwa mwaka mzima, ukijumlisha kusafisha njia ya moto na kurina.

Nilijumlisha mara mbili. Kwa mwezi wa kawaida, mpango wangu wa kuacha kazi unahitaji dakika 20.

Dakika 20, nami nilikuwa nimeupa siku nzima, kila siku, kwa miaka. Niliupa mawazo ya njiani kwenda shuleni chini ya miembe, niliupa chakula cha jioni, niliupa vipindi ambavyo mkono uliandika ubaoni na kichwa kikagawanya riba. Fedha hazikuongezeka hata shilingi moja kwa sababu ya kutazamwa. Ukweli ni kwamba ningeweza kusahau kuwa nina mpango, nikakumbuka siku ya mshahara tu, na Februari 2033 ingenikuta mahali palepale.

Nilisimama nikatoka nje. Kulikuwa na baridi ile ya Tabora ya mwanzo wa kiangazi, na jirani alikuwa akichoma majani makavu ya mwembe. Nilijaribu kujiuliza ni nini ningekuwa nimefanya na muda uliobaki, lile rundo kubwa la siku ambalo mpango haukulihitaji na mimi nililitoa bure.

Sikupata jibu zuri usiku huo.

Orodha ya mwaka 2016

Nilipata jambo jingine. Katika daftari la kwanza la mpango, la mwaka 2016, kuna ukurasa niliouandika kichwa cha habari "Nikishaacha kazi". Nilikuwa nimeorodhesha mambo saba. Kufuga nyuki. Kusoma. Kutembea asubuhi. Kumtembelea dada. Kupanda miti. Kushinda nyumbani Salma akiwa likizo. Na la nne, ambalo nililisoma nikaketi: "Kufundisha watoto wachache hisabati, bila haraka, mpaka waelewe."

Nilitaka kuacha kufundisha ili nifundishe.

Hapo mashaka yaliniingia kwa namna ambayo haijawahi kunipata. Kama nilichokikimbia si kazi yenyewe, nilikuwa nakimbia nini? Nilijibu kwa uaminifu wote nilioweza: nilikuwa nakimbia kujaa kwa madarasa, nakimbia daraja la mshahara lililochelewa kupanda mwaka baada ya mwaka, nakimbia barua ya uhamisho inayoweza kuja wakati wowote, na zaidi ya yote nakimbia kile kiunyonge cha kujua kwamba maisha yangu yanaweza kupangwa upya na mtu asiyenijua. Mambo hayo ni ya kweli, na sitaki mtu aniambie niyavumilie kwa kuwa kazi ya ualimu ni wito. Ndiyo maana sikuuvunja mpango, ingawa usiku mmoja nilikaribia. Mtu aliyeajiriwa akiwa na uwezo wa kuondoka hufanya kazi akiwa amenyoosha mgongo, na hilo peke yake lilinitosha kuendelea kuweka akiba.

Lakini neno lenyewe nililifikiria sana. Kustaafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni kuomba kuachiliwa, kuomba msamaha wa kutoendelea. Neno kung'atuka tumelizoea kwa sababu ya Mwalimu Nyerere, aliyelichukua kutoka lugha yake ya Kizanaki na kulifanya la Taifa alipoachia urais mwaka 1985. Mji huu ulimjua Mwalimu kabla ya hayo yote: alisoma Tabora, na baadaye akarudi kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria. Alipong'atuka alikwenda Butiama kulima. Anayeomba kuachiliwa humtazama aliyemshika. Anayeng'atuka huinuka alipokuwa amekaa, na macho yake yako kule anakokwenda.

Mimi kwa miaka tisa nilikuwa nimemtazama aliyenishika, na nilipomtafuta kwa makini, niliowakuta mbele yangu walikuwa watoto 52.

Kabla ya shule kufungwa niliwaeleza Kidato cha Pili B ukweli. Niliwaambia namba ile ni siku zangu za kubaki kazini, na kwamba sikuwahi kufikiri mtu mwingine angeisoma. Darasa lilikaa kimya. Kijana wa nyuma aliuliza nitafanya nini baada ya hapo, nikasema nitafuga nyuki. "Si unafuga sasa hivi, mwalimu?" Nikakubali kwamba nafuga sasa hivi. Yule monita hakuuliza kitu. Aliinamia daftari lake akapigia mstari jambo ambalo tayari lilikuwa na mstari.

Likizo ya Juni

Mizinga sasa ni 32, na mwaka huu 21 ilikuwa na nyuki. Tulianza kurina Jumatano, jua likiwa limelala, mzee akiwa na bomba la moshi, mimi nikiinua viunzi, na Salma, ambaye ana miaka 12, akishika ndoo umbali wa hatua arobaini ndani ya vazi linalomzidi.

Sega lililoiva hujulikana kwa macho. Nyuki wakishaikausha asali vya kutosha huifunika kwa nta nyeupe, chumba kwa chumba, mpaka uso wote unakuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Sehemu ambayo haijafunikwa bado ina maji mengi, na ukiichanganya na nyingine, ndoo nzima itachacha. Mzinga wa saba ulikuwa na sega kubwa, zito, theluthi mbili limefunikwa na theluthi moja lang'aa wazi. Miaka iliyopita ningelikata lote. Ningekuwa tayari nimelipima kwa jicho na kulijumlisha kwenye lengo la mwaka.

Nililishika. Nyuki walikuwa wakitembea juu ya glovu zangu bila fujo, na kwenye ukingo usiofunikwa kulikuwa na mmoja aliyekuwa ameingiza kichwa ndani ya chumba, kiuno kikitetemeka, akiendelea na kazi kana kwamba sega halikuwa hewani. Sijui nilimtazama kwa muda gani. Mzee hakuniharakisha. Kisha nikakirudisha kiunzi mahali pake, nikafunika.

Ndani ya mzinga, upande wa mlangoni, kulikuwa na masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Hayo hayaguswi kamwe.

Salma aliuliza kwa nini tumeliacha lile kubwa. Nilimwambia halijaiva. Akauliza litaiva lini, na nilipofungua mdomo nikagundua kwamba sikuwa na tarehe, na kwamba sikuihitaji. Tulimaliza mizinga 11 usiku huo, tukalala kwa mzee, tukala ugali na mlenda, na mke wangu alipopiga simu kuuliza tumepata ndoo ngapi, nililazimika kwenda kuzihesabu kwanza.

Wiki iliyofuata tulipanda treni, wote watatu, kwenda Ujiji. Nilibeba asali lita tano. Dada yangu alifungua mlango, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Umekuja bila harusi wala msiba?" Nikasema ndiyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria. Mambo yetu hayajarudi kama zamani, na sitegemei safari moja iyarudishe.

Julai

Shule zimefunguliwa. Asubuhi ya kwanza nilifungua ukurasa mpya wa andalio la somo, na kabla sijafikiri, kalamu nyekundu ilikuwa imeshafika kwenye kona ya juu. Mkono una kumbukumbu yake. Namba niliijua bila kupiga hesabu, na nadhani nitaijua kwa miezi mingi ijayo, kwa sababu mtu haachi kujua kitu kwa kuamua. Niliiondoa kalamu, nikachukua ya bluu.

Chini ya tarehe, kila andalio la somo lina jedwali dogo ambalo kila mwalimu analijua: wanafunzi waliosajiliwa, wanafunzi waliohudhuria. Nilirudi nyuma nikafungua kurasa za muhula uliopita. Kwenye kila ukurasa, kona ina namba nyekundu iliyopungua kwa usahihi, haikukosewa hata siku moja. Na kwenye kila ukurasa, katika jedwali, waliosajiliwa ni 52 na waliohudhuria ni 52, kuanzia Januari hadi Juni, hata wiki ile ya mafuriko ya mvua, hata wiki ile nusu ya darasa ilipokuwa na homa. Nilikuwa nikijaza nikiwa ofisini, kabla ya kuingia darasani.

Niliingia Kidato cha Pili B na jedwali tupu. Waliniamkia, wakakaa, nami nikawahesabu kwa kidole, dawati kwa dawati, jambo lililowashangaza kiasi cha kunyamaza. Walikuwa 51. Nikauliza ni nani hayupo.

Monita alisimama. Alimtaja kijana wa dawati la tatu karibu na dirisha, akasema bado yuko Urambo kwa babu yake, wanasubiri soko la tumbaku, atarudi wiki ijayo wakishauza.

Niliandika 51. Kisha, kwenye kona ya juu, nikaandika jina lake, nisije nikasahau kumwuliza akirudi.